Meza Moja na Baba Mkwe

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nimefika. Mvua ilinipokea stendi ya Tukuyu na mpaka sasa haijaniacha. Chumba nimepanga kwa Zakia, muuza kanga na vitenge karibu na soko. Babu yake alikuja huku kutoka Bagamoyo akiwa na cherehani kichwani, na tangu siku hiyo, anasema, ukoo wao haujawahi kukauka. Chumba kina kitanda, meza na dirisha linalotazama ukungu.

Niandike kazi iliyonileta. Kampuni yetu inataka kujenga mtambo kando ya mto, juu ya kijiji cha Ikuti. Umeme wa maporomoko utapasua maji, na humo itatoka gesi ya hidrojeni bila moshi wala masizi. Hidrojeni itaunganishwa na hewa iwe amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea ya chai. Badala ya mbolea kuja kwa meli na malori kutoka ng'ambo, itatoka kwenye mto ambao watu wanafulia nguo. Hadithi tamu, ila ina mwiba. Benki haitoi mkopo mpaka wakulima wasaini kuinunua mbolea hiyo kwa miaka kumi, na wakulima hawasaini mpaka waione mbolea. Mimi nimetumwa niwafanye wasaini.

Mwenyekiti wa chama cha wakulima wa chai ni Mzee Anyelwisye, baba mkwe wangu.

Bosi wangu Hosea alipojua alifurahi hadi akaninunulia soda. "Felista, kumbe umeolewa kwa mwenyekiti? Kazi imeisha hiyo." Hosea ni mtu wa Dar. Ningemwelezaje kwamba tangu niolewe sijamtazama baba mkwe wangu usoni, wala yeye hajanisemesha hata neno moja?

Jumatano, 12 Februari

Zakia kaniuliza mambo ya wakwe, nikamweleza, akacheka mpaka akashika mlango.

Nilimwambia hivi. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana humkwepa baba mkwe. Akikutana naye njiani anaingia migombani. Hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake, na akitaka kumwambia kitu anamwambia mtu mwingine huku mzee akisikia. Ni heshima, na wala hakuna ugomvi ndani yake. Siku hizi wengi wamelegeza, wakwe wanatumiana hadi meseji. Mzee Anyelwisye hajalegeza. Mimi mwenyewe ni Mnyakyusa wa kukulia Morogoro, na siku ya kwanza Fred, mume wangu, aliponieleza nilidhani ananitania. Alikuwa hatanii. Nilimpenda, nikajifunza kuingia migombani.

"Na sasa mumeo ni marehemu," Zakia akasema, "unajificha kwa ajili ya nani?"

Nikamuuliza bei ya kitenge.

Jumapili, 16 Februari

Nimekwenda Ikuti, kwenye kaburi la Fred. Tangu figo zimchukue ni mwaka wa pili huu. Kaburi liko nyuma ya nyumba ya baba yake, kati ya migomba, na mimi siwezi kuingia ua ule mzee akiwepo. Basi Jenifer, wifi yangu, aliyebaki nyumbani kumtunza baba yao, hunipigia simu: "Wifi njoo, ametoka." Ndipo napanda bodaboda.

Nilikuta kaburi limefyekwa vizuri. Nilikaa pale, nikamsimulia Fred habari za hidrojeni. Hatukujaliwa mtoto. Wazazi wangu walishatangulia, na kaka yangu wa Morogoro hunipigia Krismasi na Pasaka. Pale kaburini ndipo mahali pekee duniani ambapo mimi ni mtu wa mtu. Ndiyo maana niliomba kazi hii, na ndiyo maana ikifa nitarudishwa Dar.

Jenifer kanipa ndizi za kupika. Nilimuuliza mzee kaenda wapi na mvua yote ile. "Ametoka tu," akasema. Nadhani ananikimbia. Mwanawe alifia mikononi mwangu, mjini, mbali na kwao. Nami ningekuwa yeye ningejikimbia.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua. Sijaongea na mtu leo zaidi ya muuza maandazi.

Alhamisi, 27 Februari

Mkutano wa kwanza wa chama. Ulifanyika kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, Ikuti. Wakulima walikaa barazani na mwenyekiti wao. Mimi nikakaa ndani ya ghala, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, kwenye gunia. Kati yetu alisimama Ackson, katibu wa chama. Mimi nikisema, Ackson anarudia. Mzee akiuliza, Ackson anarudia, ingawa kila mtu amekwisha sikia. Hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja alisema tu, "Ackson paza sauti, mkwe wa mwenyekiti ana sauti ndogo," watu wakacheka, kazi ikaendelea.

Waliuliza kama gesi italipuka. Nikajibu kwamba yaweza, kama ile ya kupikia, ndiyo maana mtambo utajengwa mbali na nyumba. Wakauliza kama tutawamalizia maji ya mto. Nikasema maji tutakayopasua kwa siku ni kama yale yanayoshuka kwenye paa la ghala hili mvua kubwa ikinyesha nusu saa. Wakatazama juu, paa likawa linanguruma, wakaridhika.

Kisha ikaja sauti ya mzee, nzito, yenye Kinyakyusa chake ndani. "Ackson, muulize mgeni wa kampuni. Hii mbolea bei yake itafungwa kwa miaka kumi. Mwaka ile ya dukani ikishuka, nani atabeba hasara?"

Nililijua jibu la kampuni. Nililisema kwa sauti ndogo kuliko yote niliyowahi kutoa. "Mwambie, wakulima."

Halafu mzee akasema, "Haya. Tumemsikia. Tutakutana tena."

Nimerudi nimeloa na nimechukia, hata sijui namchukia nani.

Jumapili, 2 Machi

Kaburini. Mfungo umeanza leo, na Zakia kanipiga marufuku kupika jioni: futari ni kwake.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ilikata barabara, sikwenda.

Alhamisi, 13 Machi

Mkutano wa pili. Leo mzee alikuja amejiandaa, na mimi pia. Ngoja niandike yote, sina wa kumsimulia.

Alianza na ruzuku. "Ackson, muulize. Serikali inatupunguzia bei ya mbolea ya dukani. Hiyo yao imo kwenye ruzuku?" Nikasema bado haijasajiliwa, kampuni inatumaini itaingizwa. "Mwambie matumaini hayasainiwi." Nikasema bila mtambo kujengwa haiwezi kusajiliwa. Akasema bila kusajiliwa haiwezi kushindana na ya dukani. Nikasema wa kwanza kulima shamba jipya ndiye anayekutana na visiki, wanaofuata hulima udongo laini. Mitambo ikiwa mingi bei itashuka, lakini lazima uwepo wa kwanza. Akasema, "Mwambie ni kweli. Lakini kwa nini kisiki kikatike kwa jembe langu peke yangu?"

Mwenzangu, nilitabasamu mle gizani juu ya gunia. Ndilo swali lililowashinda wakubwa wote wanaokutana hotelini kuhusu hidrojeni: nani abebe gharama ya kuanza? Sasa linaulizwa barazani, na mtu ambaye siruhusiwi kuujua uso wake.

Nikamwambia Ackson amuulize, yeye angeona haki iweje. Mzee akajibu kana kwamba alilisubiri. "Nusu kwa nusu. Ya dukani ikishuka chini ya yao, tofauti tugawane, nusu wao nusu sisi. Ikipanda juu ya yao, faida nayo tugawane. Tusaini hivyo, tuzeeke pamoja."

Yohane, makamu mwenyekiti, akadakia. Yeye shamba lake nusu ameshang'oa chai akapanda parachichi, na anataka mtambo uje upesi kwa sababu ardhi ya kando ya mto ni yake. "Mzee, tusiwachoshe wawekezaji. Tusaini tu, wataenda Njombe hawa."

Nimeandika pendekezo la nusu kwa nusu na kulituma Dar jioni hii. Nimeandika kwa hasira njema. Ni mara ya kwanza tangu msiba nimezungumza na mtu siku nzima, na mtu mwenyewe hajanisemesha.

Jumatatu, 17 Machi

Hosea amepiga. Anataka kujua nalipwa na kampuni au na chama. Nikamwambia mkataba unaowanyonga wakulima utavunjwa mwaka wa tatu, na mtambo usio na wanunuzi ni chuma chakavu. Akasema ataongea na benki.

Jumamosi, 22 Machi

Futari kwa Zakia. Magimbi ya nazi. Watoto wake wananiita shangazi, na niliporudi chumbani nililia kwa sababu hiyo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Zakia kanishonea gauni la kitenge bila kuniuliza. Benki imekubali kulifikiria la nusu kwa nusu, ila inataka kuja kuwaona wakulima kwanza.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku mbaya.

Benki ilimleta dada mmoja, Lilian, mwerevu, viatu safi, ana haraka ya ndege ya Songwe. Nilimpigia jana kumweleza utaratibu wetu wa mlango na Ackson, akaitikia "sawa sawa" kama mtu anayesoma kitu kingine. Leo alipofika, kikao kikawekwa ndani ya ofisi ya chama kwa sababu ya mvua. Mzee na wenzake walikuwa wamekaa mezani. Mimi nilisimama nje, chini ya paa, nikingoja nielekezwe pa kujificha.

Lilian akanifuata, akanishika mkono. "Dada njoo ukae. Mradi ni wako, halafu unasimama nje kama mpishi? Wanawake tukome kujificha." Nikasema hapana, ngoja nikueleze. Akacheka, akanivuta. Sikutaka kung'ang'ana na mtu wa benki mlangoni. Nikajikuta ndani.

Nilijifunika kanga kichwani, nikageukia ukutani. Nilisikia kiti kinasukumwa. Mzee alinyanyuka, akaficha uso kwa kofia yake, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia mashambani kwenye mvua. Wazee wawili wakatoka naye, maana haifai kumwacha mwenyekiti peke yake.

Kila Mnyakyusa mle ndani alielewa: mzee amemheshimu mkwe wake. Lilian aliona kitu kingine. Aliona mwenyekiti amesusa mradi mbele ya benki, na afisa wa mradi amegeukia ukuta kwa aibu. Nilipomweleza baadaye, maneno yakinitoka ovyo, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mke akimtetea mume mkorofi.

"Felista, nakuelewa," akasema. "Lakini mkataba wa miaka kumi hauwezi kusimama juu ya watu wawili wasiosemeshana. Bei itapanda, itashuka, mtambo utaharibika, kila siku mtahitaji kukaa. Mimi nataka niwaone mezani, mnaongea, mnasaini. La sivyo naandika kwamba chama hakijaridhia."

Kinachoniuma ni kwamba hakukosea yote.

Ijumaa, 4 Aprili

Hosea amepiga mapema. Suluhisho lake ni jepesi: nirudi Dar, aje afisa mwingine. "Si kosa lako," alisema, kwa sauti ya kutaka nijue ni kosa langu. Kanipa mwezi huu.

Halafu Ackson naye akapita kwa Zakia, ameinamisha kichwa. Yohane anazungusha maneno vijijini: mwenyekiti anavuta muda ili mkwe wake aendelee kula mshahara, na hiyo nusu kwa nusu wamepangiana nyumbani. Nyumbani? Mimi na yule mzee hatujawahi hata kusalimiana.

Jumapili, 6 Aprili

Leo sikungoja simu ya Jenifer. Nilikuwa na hasira, na mvua ilikuwa ya mawe. Bodaboda ilipopita kibanda cha kupimia majani ya chai, cha kando ya barabara, kisicho na kuta, nilimwona mtu amekaa kwenye benchi peke yake, koti la mvua limemganda mwilini, kofia magotini. Niligeuza kichwa haraka, lakini nilikuwa nimekwisha mjua.

Jenifer alikuwa jikoni. Nikamuuliza baba anafanya nini kule kwenye mvua ya mawe.

"Anakusubiri uondoke, wifi. Kila Jumapili anakaa pale." Alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua macho. "Nilimwambia aende kwa jirani akaote moto. Anasema kwa jirani watamwuliza kwa nini yuko nje, na wewe utasikia, utafanya haraka. Anasema mkwe asiharakishwe kaburini."

"Na kaburi nani anafyeka?"

"Nani mwingine? Anafyeka Jumamosi, ulikute safi."

Nilikaa kaburini dakika chache tu, nikaondoka ili mzee arudi kwenye moto wake. Nimejidharau leo. Miezi yote nimeamini ananikimbia kwa chuki, na nimempenda Fred peke yangu kwa jeuri kabisa, kana kwamba yeye hakumzaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemtuma Jenifer. Nimeomba mzee anifungulie: aseme mbele ya watu kwamba miiko ya mkwe imeisha kati yetu, ili tukae mezani. Familia nyingine wamefanya hivyo.

Jumamosi, 12 Aprili

Jibu limekuja. Jenifer aliketi kitandani kwangu, akalitoa taratibu, neno kwa neno kama alivyotumwa.

"Baba anasema hivi. Kukufungulia hawezi. Akilegeza sasa, kwa ajili ya mkataba, watu watasema Anyelwisye ameuza heshima ya mke wa mwanawe kwa mifuko ya mbolea. Halafu hata akilegeza utabaki mkwe, na maneno ya Yohane yatabaki. Anasema njia iliyobaki ni yeye aache uenyekiti. Yohane atakaa mezani nawe, utasaini, utabaki na kazi yako na Jumapili zako. Ameshamwambia Ackson aandae kikao."

Nikauliza, "Na nusu kwa nusu?"

Sote tunamjua Yohane. Atasaini hata karatasi ya kufungia vitumbua, mradi mtambo ujengwe kwenye ardhi yake.

"Mwambie asijiuzulu," nikasema. "Mwambie namwomba."

"Basi uondoke wewe? Wifi, kuna njia ya tatu, ila baba kaikataza isitajwe."

Aliitaja. Mjane asiye na mtoto, matanga yakiisha, ukoo humuuliza kama anabaki au anarudi kwao. Mimi sikuwahi kuulizwa, mzee hakutaka niulizwe. Nikisema narudi kwetu, ng'ombe wa mahari hawadaiwi, nyumba haidaiwi, tunaagana vizuri. Siku hiyo sitakuwa mkwe wa mtu. Nitakuwa mgeni tu, na mgeni hukaa meza yoyote.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kaka amepiga. Nikamwambia niko salama.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimezunguka mashamba ya Ikuti leo kutwa, peke yangu, kwa mguu. Majani ya chai yamepauka, watu wanaweka mbolea kiganja kimoja kwenye miche mitatu. Kila baada ya shamba moja kuna lililong'olewa. Mama mmoja alikuwa anachuma na mtoto mgongoni, akanisalimu "Ugonile," nikamwitikia "Ndaga," akaniuliza, "Ile mbolea ya mtoni inakuja, mkwe wetu?"

Wote hawa wananiita mkwe wetu. Nimelichukulia jina hilo kama nguo ya ndani, sikuwahi kuliona kuwa ni zuri.

Nikimwachia Hosea anitoe, atakuja kijana na mkataba wa zamani, wakulima watafungwa. Mzee akijiuzulu, watafungwa vilevile. Ni mimi tu wa kuondoka, na mahali pa kuondoka si Tukuyu.

Fred, ningekuuliza, lakini wewe ndiye ungesema ingia migombani.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Ukoo umekaa Ikuti. Mzee alikuwa chumba cha pili na mlango wazi. Shangazi yake Fred ndiye aliyeuliza, bibi mfupi kutoka Kisiba, Kiswahili chake kimechanganyika na Kinyakyusa.

"Mwanetu Felista. Mume ametangulia. Unabaki kwetu au unarudi kwenu?"

Nilikuwa nimejizoeza kutwa jana. Jenifer akanishika mgongo. Nikasema, "Narudi kwetu."

Bibi akauliza tena, maana huulizwa mara mbili. Nikasema tena. Mara ya pili ilitoka upesi, na nilisikia mle chumba cha pili mtu anakohoa, kikohozi kirefu cha mtu asiyeumwa kifua.

Wakanipa kuku na mkungu wa ndizi za safari. Safari yenyewe ni ya kwenda Tukuyu mjini kwa bodaboda. Jenifer alinisindikiza hadi njia panda. Alifungua mdomo aseme wifi, akasema, "Haya, dada."

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda popote. Sijui kama bado naruhusiwa.

Jumatano, 30 Aprili

Nilimwandikia Hosea kwamba mwenyekiti atakaa nami mezani, leo amepiga: benki imekubali nusu kwa nusu, Lilian anarudi tarehe nane. "Umefanyaje?" akauliza. Nikasema tumeelewana.

Alhamisi, 8 Mei

Ofisi ya chama, Ikuti. Mvua nyepesi. Lilian yupo, Yohane yupo, Ackson kavaa tai. Nilivaa gauni la Zakia. Kichwani sikujifunika.

Niliingia kwa mlango wa mbele. Mzee alikuwa amekaa, na hakunyanyuka. Nikavuta kiti mkabala naye. Miguu yangu yote ilitaka kwenda migombani. Halafu nikainua macho.

Ana macho ya Fred. Hakuna aliyeniambia. Nyusi zilezile, jicho la kushoto linakunjika kidogo zaidi ya la kulia. Muda wote huu uso ule ulikuwa hapahapa, umefunikwa kofia kwa ajili yangu.

Naye alikuwa ananitazama kwa mara ya kwanza. Akasafisha koo.

"Kikao kimefunguliwa. Kabla ya yote, wanachama wafahamishwe wanasaini na nani. Mgeni wetu ajitambulishe. Jina lako kamili nani?"

Kwenye karatasi zote za mradi nimeandikwa kwa jina la Fred. Yohane alikuwa ameinama mbele, anasikiliza. Lilian alikuwa anatabasamu, amefurahi tunavyoongea.

"Naitwa Felista Mwakibete," nikasema. Hilo ni jina la baba yangu.

"Karibu, Felista Mwakibete," akasema mzee.

Tulikaa saa nyingi. Alikuwa mkali kuliko alivyokuwa nyuma ya mlango. Aliniuliza maswali mengine ambayo Ackson angeyapunguza makali, nami nilimjibu, na mara mbili nilimkatalia, wanachama wakaguna. Likabaki hivi: nusu kwa nusu katika hasara na katika faida, na ruzuku ikija, bei ifunguliwe upya. Tukasaini. Lilian alitupiga picha, mimi na mzee tumeshika karatasi moja. Ukiitazama utadhani ni watu wasiojuana.

Mtambo utajengwa. Nitabaki Tukuyu. Nimepata kila nilichoagizwa.

Jumapili, 11 Mei

Jenifer hakupiga simu, hakuna tena sababu ya kupiga. Nikaenda. Nilibisha hodi ua wa mbele kama muuza dawa. Mzee alikuwa barazani. Hakutoka. Alimwita Jenifer alete kiti na chai kwa mgeni. Tuliongea habari za mvua. Alinionyesha njia ya kwenda kaburini, njia ninayoijua kwa giza, nami nikashukuru. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani. Mkwe hasindikizwi hivyo na baba mkwe. Nililia hadi Tukuyu.

Jumapili, 18 Mei

Kiti, chai, mvua. Leo aliuliza, "Hospitalini, alikuwa na maumivu?" Nikamwambia ukweli wote. Tuliongea juu ya Fred hadi chai ikapoa, naye akanisimulia Fred wa miaka saba, aliyekuwa anaogopa vyura. Fred huyo sikuwahi kumjua. Hakuna mwingine duniani wa kunipa. Alinisindikiza tena.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imeanza kuchoka. Sasa ni baridi tupu, ukungu umelala kwenye chai. Nilibisha hodi, nikatafuta kiti changu kwa macho. Hakikuwepo. Mzee alikuwa amesimama barazani na majembe mawili. Nikadhani nimechosha, ugeni umeisha, nikasema kama anakwenda shambani nitarudi siku nyingine.

"Umekuja mara ngapi?" akauliza.

"Hii ya tatu, mzee."

"Mgeni siku mbili," akasema. Akaninyooshea jembe moja, akalishikilia mpaka alipohakikisha nimelishika. "Jana sikufyeka. Shika wewe upande wa kichwani, mimi nitaanza miguuni."